Shanga za Kale Mkoani Singida: Namna ya Kuzitambua, Kuzitunza na Kuziandikia Habari

Uingereza na Marekani wapo watu wanaotumia fedha na jioni zao kutafuta vikombe vidogo vya kioo vilivyowekwa mezani enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, kwa ajili ya vijiti vya kuchokolea meno. Mkoani Singida ukivisaka vikombe hivyo utachoka bure. Lakini kioo cha Ulaya cha miaka hiyohiyo kilifika huku, tena kwa magunia, mabegani mwa wapagazi. Kilifika kikiwa shanga.

Shanga hizo bado zipo. Zimo kwenye masanduku ya bati ya mabibi, kwenye shingo za vibuyu, kwenye sketi za ngozi zilizokunjwa darini, na nyingine huibuka shambani baada ya mvua za kwanza. Makala haya ni kwa yeyote anayezikuta na kujiuliza afanye nini nazo: mjukuu aliyeachiwa, mwalimu wa historia, kijana anayetaka kuanza mkusanyo. Jambo moja nitalirudia hadi ukereke: ushanga usioandikiwa ulikotoka, ulikuwa wa nani na ulivaliwa lini, haukuambii kitu zaidi ya kioo chenye tundu.

Zilivyofika

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ilikatiza kusini mwa mkoa huu. Wapagazi walitoka Ugogo, wakapandisha ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde au kupitia Mdaburu, kisha wakaingia pori la Mgunda Mkali, ambalo leo limo katika wilaya ya Manyoni na vichaka vya Itigi. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857. Burton aliandika orodha ndefu ya shanga zilizohitajika njiani, na kwa hesabu yake aina zilizojulikana kwa majina zilifika kama mia nne. Nyekundu ndogo zilizokuwa nyeupe ndani ziliitwa samesame, na watu wa misafara walizipa majina ya utani kwa sababu wanawake walizipenda kupita kiasi: kimaliza chakula, kivunja mji na mengineyo ya namna hiyo. Zilikuwapo pia bubu, nyeusi, lakio, za waridi, merikani, nyeupe, na sungomaji, kubwakubwa.

Shanga zilipimwa kwa kete, uzi mmoja uliozungushwa kati ya kidole gumba na kiwiko, na kete kumi zilifanya fundo moja. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta mmisionari David Livingstone, alinunua magunia 22 ya shanga. Safari yake ya pili ilimpitisha katikati ya Singida yenyewe: Januari 1875 alikuwa Ituru, nchi ya Wanyaturu. Hapo ndipo kijana Mwingereza wa msafara wake, Edward Pocock, alipofariki kwa homa, na siku chache baadaye, mahali alipopaita Vinyata, msafara ulipigana na wenyeji na watu wengi wakauawa. Habari hizo tunazo hasa kwa kalamu ya Stanley. Ukimpata mzee wa Kinyaturu anayesimulia mambo ya misafara kama alivyoyasikia kwa waliomtangulia, mrekodi kabla hujamwuliza habari za shanga.

Mkusanyaji anapaswa kulielewa jambo jingine la biashara hiyo. Si kila aina ya shanga ilikubaliwa kila ilikopelekwa. Iliyopendwa Ugogo ilikataliwa siku nne mbele, na iliyotamba mwaka jana ilidorora mwaka huu. Mfanyabiashara aliyekosea aina alibaki na mzigo usionunua hata kibaba cha mtama. Kwa hiyo mafundi wa Venice na Bohemia walikuwa wakitengeneza kwa kufuata macho ya wanawake wa bara, hata kama hawakuwahi kuwaona. Kete ya zamani unayoikuta Sepuka au Kiomboi ilichaguliwa na mtu mwenye kujua anachotaka. Ndiyo maana rangi na mpangilio wa uzi havichezewi.

Kuzitambua: anza na tundu

Huhitaji maabara. Nunua lenzi ya kukuzia kama ile ya sonara, karatasi nyeupe, rula yenye milimita na brashi laini ya rangi. Fanya kazi asubuhi karibu na dirisha. Taa za nyumbani hudanganya rangi, hasa nyekundu na ya zambarau.

Chukua ushanga mwekundu mdogo, uelekeze tundu kwenye mwanga. Kama nje ni mwekundu na ukingo wa ndani wa tundu ni mweupe kama maziwa, huo ndio samesame wa Burton. Wekundu wa kioo ulikuwa ghali, kwa hiyo fundi alivika ganda jembamba la kioo chekundu juu ya kiini cheupe. Kiini hicho kiliokoa gharama na pia kiliifanya rangi ing'ae. Aina hii ilienea kuanzia takriban miaka ya 1830. Iliyoitangulia ilikuwa na wekundu mzito wa tofali juu ya kiini cha kijani, na ukiipata hiyo una kitu cha zamani zaidi. Angalia pia namna ya wekundu wenyewe. Ule wa zamani wenye kuelekea kwenye rangi ya divai mara nyingi ulipatikana kwa kutia dhahabu kidogo sana kwenye kioo. Wekundu mkali unaoelekea chungwa hutokana na seleniamu, iliyoanza kutumika viwandani mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo huo haufiki zama za Burton.

Baada ya tundu, tazama mwili. Ndani ya kioo huwa kuna viputo vya hewa na michirizi. Ikiwa vimenyooka sambamba na tundu, ushanga ulikatwa kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo uliovutwa ungali moto. Ikiwa vinazunguka tundu, ulitengenezwa mmojammoja kwa kuzungushia kioo cha moto kwenye waya. Zile ndogo za kete karibu zote ni za kuvutwa. Zile kubwa kubwa za mviringo usiolingana ni za kuzungushwa.

Kuna aina inayowachanganya wengi. Ni ngumu, haipitishi mwanga, ina mkanda mwembamba ulioinuka katikati ya tumbo, na upande mmoja wa tundu ni laini huku mwingine una vinundu kama ngozi ya chungwa. Huu umegandamizwa kwenye kalibu, kwa mtindo uliotokana na hataza ya vifungo iliyochukuliwa Uingereza na Richard Prosser mwaka 1840, kisha ukaendelezwa Ufaransa na Bohemia. Hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, na nyingi ni za karne ya 20.

Plastiki ni rahisi kuibaini: nyepesi, haina ubaridi ukiigusisha shavuni, na ina mshono wa kalibu pembeni. Usijaribu sindano ya moto. Utaharibu, na harufu yake haitakufundisha ambacho shavu halijakuambia.

Wenye tochi ndogo ya zambarau inayotumika madukani kukagulia noti bandia wanaweza kujifurahisha nayo gizani. Kioo cha manjano au kijani kinachowaka kijani kikali huwa na urani kidogo. Mafundi wa Bohemia walianza kuitia kwenye kioo kwa ajili ya rangi katika karne ya 19. Kukishika hakudhuru. Inachekesha kidogo kwamba bibi wa Manyoni huenda alivaa urani ya Bohemia shingoni zaidi ya miaka mia moja kabla wataalamu hawajaja kuitafuta urani ardhini hapohapo Manyoni.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote, hata hivyo, ni sarafu. Wanawake wengi walitunga pamoja na shanga sarafu zenye tundu: heller 10 ya Mjerumani, iliyotolewa kati ya 1908 na 1914, au senti 10 ya Afrika Mashariki ya wakati wa Mwingereza. Mwaka umeandikwa juu yake. Ikiwa senti ni ya 1922, uzi huo haukutungwa kabla ya 1922, hata kama shanga zenyewe zilikuja na Stanley. Shanga hurithiwa na kutungwa upya, kwa hiyo tenganisha daima umri wa ushanga na umri wa uzi.

Na zile shanga kubwa zenye maua ya rangi nyingi au nyota ya mistari, zinazouzwa kwenye maduka ya watalii Arusha na Zanzibar? Ni nzuri, na baadhi ni za Venice kweli, lakini aina hizo zilipelekwa zaidi Afrika Magharibi. Nyingine ni kioo cha chupa kilichosagwa na kuokwa upya Ghana. Zinunue ukipenda, ila usiziweke kwenye kisanduku chenye kibandiko cha Singida.

Kumwendea mwenye shanga

Hapa ndipo mikusanyo mingi huharibika. Kijana hufika kwa bibi, huona kete, hutoa elfu kumi, huondoka. Amepata kioo na kupoteza mengine yote. Nenda na mtu wa ukoo au jirani anayefahamika. Salimia, kaa, eleza wewe ni mjukuu wa nani. Siku ya kwanza usitaje fedha kabisa.

Uliza maswali yanayofungua maneno: "Bibi, hizi ulipewa na nani?" "Zilivaliwa shingoni, kiunoni au kichwani?" "Msichana angeweza kuvaa hizi, au hadi aolewe?" "Huyo aliyekupa alizipata wapi?" Jina la aina ya ushanga liandike kama anavyolitamka yeye, kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo au Kitaturu, kisha mwambie mtu anayejua lugha hiyo akusahihishie tahajia. Kwa Wahadzabe wa Mkalama, ambao wamekuwa wakipata shanga kwa kubadilishana na majirani zao, uliza pia nani alileta na alipewa nini.

Akisema shanga fulani ni za mapacha, za matambiko au za msiba, funga mdomo na uache mkono wako mfukoni. Omba kuzipiga picha; akikataa, shukuru. Mkusanyo wa picha zilizopigwa vizuri, shanga zikibaki kwa wenyewe, una thamani ileile kwa historia, na mimi naona una heshima zaidi.

Daftari

Kila kitu kipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwa penseli kwenye kibandiko cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, kamwe isiandikwe juu ya ushanga. Kisha ingiza daftarini. Mfano, wa kubuni:

"Na. 14. Kete moja ya shanga nyekundu zenye kiini cheupe, kipenyo milimita 4, urefu wa uzi sentimita 52, uzi wa pamba uliosokotwa kwa mkono. Katikati senti 10 ya 1924. Imeazimwa kwa bibi mmoja wa Ihanja, aliyezipokea kwa mama mkwe wake alipojifungua mtoto wa kwanza. Zilivaliwa shingoni. Shanga mbili karibu na fundo zimepasuka. Picha tatu. Zirudishwe baada ya mavuno."

Ona kwamba hakuna neno "nzuri" wala "adimu". Aliyeandika alipima, akauliza, akanyamaza. Piga picha ukiweka rula kando ya kete, moja ya kete nzima, moja ya tundu kwa karibu, moja ya fundo. Fundo husahauliwa, wakati ndilo linaloonyesha mkono wa aliyetunga. Picha zihifadhi mahali pawili. Simu huibwa, huanguka kwenye ndoo.

Kusafisha na kuhifadhi

Singida ni mkoa wa alizeti, na mkono wa kwanza wa kila mtu ni kuzipaka shanga mafuta ya alizeti zing'ae. Usifanye hivyo. Zitang'aa siku moja, kisha mafuta yatanasa vumbi letu jekundu, yatachacha, yataozesha uzi. Ukiona kete ina tabaka la mafuta ya zamani na udongo mwekundu, usikimbilie kuliondoa: huenda ndivyo ilivyovaliwa, na tabaka hilo ni sehemu ya habari yake.

Vumbi la kawaida liondoe kwa brashi kavu. Uchafu uliong'ang'ania kwenye shanga zisizo na uzi wala ngozi upanguse kwa kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo kwa maji ya mvua. Nasema ya mvua kwa sababu visima vyetu vingi vina chumvi, na maji yakikauka huacha ukungu mweupe juu ya kioo. Jivu, mchanga, sabuni ya unga na dawa za kung'arisha nguo ziache jikoni. Kete nzima usiiloweke: uzi wa pamba hunywa maji, huvimba, kisha hukatika wakati wa kukauka, na mpangilio wa mama mkwe wa Ihanja unamwagika sakafuni.

Uzi ukikatika mikononi mwako, laza shanga kwenye mfereji wa kadibodi iliyokunjwa, moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule, piga picha, kisha zitunge upya kwa uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki. Nta hiyo inapatikana Manyoni na Itigi kwa warina asali. Uzi wa zamani usiutupe. Utie kwenye bahasha yenye namba ileile.

Baadhi ya shanga, hasa za buluu na nyekundu, huugua. Zinanata, zinatoa jasho au unga mweupe, kisha zinapata nyufa ndogondogo. Kioo chake kilitengenezwa kwa chumvi nyingi kuliko chokaa, na unyevu wa hewa unaivuta chumvi hiyo nje. Zitenge na nyingine, ziweke mahali pakavu penye hewa, zisigusane na ngozi. Hali ya hewa yetu, yenye kiangazi kirefu kuanzia Mei hadi Novemba, inazisaidia kuliko ya Tanga au Pwani. Hatari ni masika, na hatari kubwa zaidi ni mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa. Hifadhi kwenye karatasi nyeupe isiyo na maandishi au kitambaa cha kaniki kilichofuliwa mara kadhaa hadi kiache kuchuja, ndani ya sanduku la mbao au bati, juu ya ardhi, mbali na paa la bati linalowaka mchana.

Sketi za ngozi zenye shanga, kama zile za wanawake wa Kitaturu na Kibarbaig, zina adui mwingine: mabuu wa wadudu wanaokula ngozi. Ukiona unga chini ya sketi, ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki na uiweke kwenye friza la kugandisha kwa wiki mbili. Ukiitoa, subiri siku nzima kabla ya kufungua mfuko, ili umande usitue juu ya ngozi. Shanga zenye nyufa zisipitie njia hiyo.

Sheria, na matapeli

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vimo ndani yake. Vile vilivyotengenezwa nchini baada ya mwaka huo kwa matumizi ya kijamii na kitamaduni, mfano sketi ya shanga, navyo vinahusika. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa, na kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hiyo ukiokota ushanga mmoja shambani kwako, andika mahali na utoe taarifa. Ukiona shanga nyingi pamoja na vigae au mifupa, acha jembe hapohapo, funika, na umjulishe mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya, aliye na njia ya kuifikia Idara ya Mambo ya Kale. Ushanga ulioachwa kwenye udongo wake unaweza kumwambia mtafiti umri wa kijiji kizima. Ukiwa mfukoni mwako hauwezi.

Na ukianza kuuliza habari za vitu vya kale, wataibuka watu wa "mali ya Mjerumani". Watakuonyesha ramani, jiwe lenye alama karibu na boma la Kilimatinde au Mkalama, na rupia inayodaiwa kuwa na nguvu fulani. Kisha watataka fedha ya dawa au ya mchimbaji. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha kama nyingine yoyote, na kuta za maboma hayo zimeshachokonolewa vya kutosha. Singida kweli ina habari yake ya hazina: dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kufua sarafu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo, vita vilipokuwa vimewakata Wajerumani na nchi yao. Lakini sarafu hizo leo zinauzwa kwenye minada ya kimataifa zikiwa na hati. Hazizikwi chini ya mbuyu zikingoja mtu mwenye kuku mweusi.

Shanga zenyewe hazitakutajirisha. Samesame huuzwa nje kwa kete, kwa bei ya chini, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni. Anayekuambia kete yako ina thamani ya nyumba anataka kukuuzia nyingine.

Mwisho, amua mapema mkusanyo utakwenda wapi. Watoto wakiukuta bila maelezo watagawana, shanga zitaishia kwenye mikufu ya sherehe. Andika ukurasa mmoja, uusaini mbele ya ndugu wawili, ukisema kipi kinarudi kwa familia gani na kipi kinakwenda shuleni au kwa Makumbusho ya Taifa, na ukurasa huo uubandike ndani ya jalada la daftari. Nakala ya daftari zima mpe afisa utamaduni. Vya kuazima virudishe ungali hai. Ukishakufa, hakuna atakayekumbuka ni vya nani.